Lövstabruk: Kijiji cha Wahunzi Walioilisha Sheffield

Katikati ya karne ya 18, fundi wa Sheffield, Uingereza, aliyetaka kutengeneza wembe, mkasi au tupa ya kutegemewa, hakununua chuma kwa kukitazama rangi tu. Aliutafuta mhuri. Nondo bapa zilizoletwa kutoka Uswidi ziligongwa alama kabla ya kupakiwa melini, na kila alama ilikuwa na sifa zake na bei yake sokoni. Iliyoheshimiwa kuliko zote ilikuwa herufi L ndani ya duara. Wafanyabiashara wa mji wa bandari wa Hull waliijua, mafundi waliigombea, na ilikuwa ghali kuliko chuma kingine cha aina yake.

Chuma hicho kilifuliwa Lövstabruk, au Leufsta kwa tahajia ya zamani, kijiji kilichozungukwa na misitu kaskazini mwa mkoa wa Uppland, si mbali na pwani ya Bahari ya Baltiki. Waswidi huita makazi ya namna hiyo bruk, yaani karakana ya chuma pamoja na kila kitu kilichoishi kwa kuitegemea: nyumba za wahunzi, kanisa, shule, ghala la nafaka, mabwawa, na jumba la mwenye mali. Uppland ilikuwa na vijiji kadhaa kama hivyo, vikiwemo Österbybruk, Gimo na Forsmark. Lövstabruk ndicho kilichokuwa kikubwa kuliko vyote, na kwa muda mrefu ndicho kilichoongoza Uswidi nzima kwa kufua chuma.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini kazi kubwa hivyo ikafanyika porini. Jibu limo katika vitu vitatu ambavyo mji usingeweza kuwa navyo kwa pamoja: mawe ya madini, maji yanayoteremka, na miti isiyohesabika.

Mawe yalitoka Dannemora, mgodi unaotajwa katika maandishi tangu mwaka 1481. Madini yake yana bahati mbili. Kwanza, yana fosforasi kidogo mno, na fosforasi ndiyo adui wa mhunzi, kwani chuma chenye fosforasi nyingi huvunjika kikigongwa kikiwa baridi. Pili, yana manganizi ndani yake, ambayo husaidia kupata pua imara, yaani chuma kigumu cha zana. Watu wa karne ya 17 hawakuyajua majina hayo ya kikemia. Walijua tu kwamba chuma cha Dannemora hakimwangushi fundi, na hilo lilitosha. Mgodi haukuwa mali ya kijiji kimoja. Karakana kadhaa za Uppland zilikuwa na haki ya kuchimba humo na kugawana mawe, na haki hiyo ililindwa kwa wivu kama hazina ya ukoo.

Maji yalizuiwa kwa mabwawa, yakaelekezwa kwenye magurudumu ya mbao. Gurudumu moja lilivuta mivukuto iliyopuliza hewa motoni, jingine liliinua nyundo kubwa na kuiachia ianguke juu ya fuawe. Maji yakipungua kiangazi au yakiganda wakati wa baridi kali, kazi ilidorora, hata kama oda zilikuwa zimejaa.

Na miti iligeuzwa mkaa. Hapa ndipo kijiji kilipowavuta watu wengi zaidi kuliko wale waliokaa ndani yake. Wakulima wa parokia za jirani walitakiwa kuchoma mkaa na kuupeleka karakanani, wengi wao kama sehemu ya kodi ya ardhi waliyolima. Magogo yalisimamishwa kwa kuegemezana hadi yakafanya kichuguu kikubwa, kikafunikwa kwa matawi ya misonobari na vumbi la mkaa, kisha kikawashwa kutoka ndani. Msomaji aliyewahi kuona tanuri la mkaa likifuka moshi huko Morogoro au Kitui ataitambua kazi hiyo mara moja. Tofauti ilikuwa baridi. Mchomaji alilala kwenye kibanda kidogo msituni kwa majuma kadhaa, akiamka usiku kuziba kila ufa, kwa sababu hewa ikipenya, jasho la msimu mzima hugeuka majivu. Theluji ikishashika barabara, mkaa ulisafirishwa kwa sledi zinazovutwa na farasi, kwani njia za matope za kiangazi hazikuweza kubeba mizigo hiyo.

Serikali iliutazama msitu huo kwa jicho kali. Idara ya kifalme ya migodi, Bergskollegium, ilisimamia nani ajenge tanuri wapi na nani afue chuma kiasi gani, kwa hofu kwamba karakana zikisongamana zitaumaliza mkaa na kuuana. Mwaka 1747 taifa zima liliwekewa kikomo cha chuma kinachoruhusiwa kufuliwa. Sababu haikuwa kuhurumia miti peke yake. Uswidi ilikuwa muuzaji mkubwa wa chuma barani Ulaya, na wakubwa wake walitaka bei isianguke.

Kabla ya karne ya 17, chuma cha eneo hilo kilifuliwa na wakulima wenyewe na baadaye na mawakala wa mfalme, kwa njia za kienyeji. Mambo yalibadilika katika miaka ya 1620, pale Willem de Besche na Louis De Geer walipokodishwa karakana za Uppland. De Geer alizaliwa mwaka 1587 mjini Liège, katika eneo ambalo leo ni Ubelgiji, akatajirikia Amsterdam. Uswidi chini ya Mfalme Gustav II Adolf ilikuwa imezama katika vita, na mfalme alihitaji mizinga, risasi na mikopo. De Geer alikuwa navyo vyote au alijua pa kuvipata. Mwaka 1641 aliingizwa katika tabaka la makabaila wa Uswidi, na mwaka 1643 akazinunua kabisa karakana za Lövsta, Österby na Gimo kutoka kwa serikali. Waswidi wengi humwita baba wa viwanda vya nchi yao.

Lakini fedha peke yake haifui chuma. De Geer alileta watu. Katika karne ya 17, takriban watu 1,000 au zaidi kidogo, wahunzi, wachoma mkaa, wajenzi wa tanuri na jamaa zao, walihama kutoka nchi za Wawaloni, hasa maeneo ya Liège na Sedan, wakaja Uswidi kwa mikataba. Walizungumza lugha ya jamii ya Kifaransa katikati ya wakulima wa Kiswidi. Wengi wao walikuwa wafuasi wa Calvin katika nchi ambayo sheria ilitambua Ulutheri tu, jambo ambalo makasisi wa Kiswidi hawakulifurahia hata kidogo. Lakini mfalme alihitaji mizinga kuliko alivyohitaji ugomvi wa kidini. Walichokuja nacho mikononi ndicho kilichowalinda.

Ujuzi wao unastahili kutazamwa kwa karibu. Tanuri kubwa la kuyeyushia hutoa chuma ghafi chenye kaboni nyingi, kama asilimia 4 hivi. Chuma hicho kikipigwa nyundo hupasuka. Wajerumani walikuwa na njia yao ya kukitakasa, ambapo kazi yote ilifanywa kwenye meko moja. Wawaloni walitumia meko mawili. Kwenye la kwanza, chuma ghafi kilichosubiwa kwa umbo la gogo refu, refu kuliko mtu, kilisukumwa polepole kupitia tundu la ukuta mpaka ncha yake ikaingia kwenye mkaa unaowaka. Ncha iliyeyuka, ikadondoka tone kwa tone mbele ya upepo wa mivukuto, na upepo huo ukaichoma kaboni. Mhunzi alisimama na mtaimbo, akiyakusanya matone, akilichokonoa donge, akilisikiliza. Hakukuwa na kipimajoto. Rangi ya mwali, uzito wa donge kwenye mtaimbo na namna cheche zinavyoruka ndivyo vilivyomwambia kwamba sasa imeiva. Donge lilivutwa nje likimeremeta, likawekwa chini ya nyundo, na takataka zikarushwa pembeni kama maji ya moto. Kisha lilikwenda kwenye meko la pili, likapashwa tena na tena na kurefushwa chini ya nyundo hadi likawa nondo iliyonyooka.

Kazi hiyo ilikwenda kwa zamu fupi, usiku na mchana, juma zima hadi siku ya ibada. Meko likizimwa, mkaa hupotea bure. Kwa hiyo kando ya karakana kulikuwa na chumba kidogo ambacho Waswidi hukiita labby, chenye vitanda vya mbao ambapo waliomaliza zamu waliweza kujinyoosha hadi zamu yao irudi. Walilala hatua chache kutoka kwenye nyundo inayotikisa ardhi. Walivaa shati refu la kitani lililofika magotini, aproni na viatu vya mbao, mavazi yanayoachia hewa na yanayovuliwa upesi cheche ikiingia. Walikunywa bia hafifu kwa wingi kurudisha maji ya mwili. Kijana aliyeanza kama msaidizi, akisukuma mkaa na kubeba zana, aliweza kupanda kuwa msaidizi mkuu na hatimaye bwana mhunzi, na mara nyingi bwana huyo alikuwa baba yake au mjomba wake. Ujuzi ulikaa ndani ya koo. Ndoa nazo zilifungwa humo humo.

Ndiyo maana mpaka leo Uswidi ina majina kama Pousette, Hubinette, Bonnevier na Tillet, na mwaka 1938 wazao wa wahunzi hao waliunda jumuiya yao, Sällskapet Vallonättlingar, ya kufuatilia nasaba.

Maisha ya kijijini yalikuwa na pande mbili, na haifai kuusimulia mmoja na kuuacha wa pili. Upande mmoja, mwenye mali alijenga nyumba za wafanyakazi zilizopangwa kwa mstari kando ya barabara kuu, akaweka shule, tabibu, na msaada kwa wajane na wazee, mambo ambayo mkulima wa kawaida wa Ulaya wakati ule hakuyaota. Upande wa pili, mishahara ililipwa kwa kiasi kikubwa kwa nafaka na bidhaa kutoka ghala la tajiri huyo huyo, bei akipanga yeye, na hesabu ikiandikwa katika daftari lake yeye. Mhunzi aliyekuwa na deni hakuwa huru kuhama. Nyumba ilikuwa ya bwana, kazi ilikuwa ya bwana, na hata benchi la kanisani lilikuwa na mpangilio wa nani akae mbele na nani nyuma.

Julai 1719 kijiji kikateketea. Vita Kuu ya Kaskazini ilikuwa inaelekea ukingoni, na Tsar Peter wa Urusi alituma merikebu za makasia kuichoma pwani ya mashariki ya Uswidi ili kuilazimisha ikubali masharti ya amani. Wanajeshi wa Kirusi walishuka nchi kavu, wakazifuata karakana za chuma moja baada ya nyingine, kwani walijua ndiko uliko mfuko wa adui. Lövstabruk ilikuwa ya mbao; iliwaka karibu yote. Amani ilikuja mwaka 1721, na mwenye mali wa wakati huo, Charles De Geer, alikijenga upya kijiji kwa ramani ileile ya zamani, safari hii kwa fahari zaidi. Jumba, bustani na barabara yenye nyumba za wafanyakazi vinavyoonekana leo ni matunda ya ujenzi huo. Mwaka 1728 kanisa lilipata kinanda kikubwa cha mabomba kilichotengenezwa na Johan Niclas Cahman, fundi mashuhuri kuliko wote wa vinanda vya kanisa nchini wakati ule. Kinanda hicho kingali kinapigwa, na wanamuziki huja kutoka mbali kukisikiliza.

Charles huyo alifariki mwaka 1730, na mali ikamwangukia mpwa wake mwenye jina lilelile, mtoto wa miaka 10 aliyekuwa akilelewa Uholanzi. Mtoto akakua, akarudi Uswidi, akawa mmoja wa watu matajiri kupita wote nchini. Lakini moyo wake ulikuwa kwa wadudu. Kati ya mwaka 1752 na 1778 alichapisha vitabu 7 vya historia ya wadudu kwa Kifaransa, vyenye michoro ya kina ya viwavi, vipepeo na mende, na wataalamu wa wadudu humkumbuka mpaka sasa. Msanifu Jean Eric Rehn alihusika kupamba jumba lake. Maktaba yake ya vitabu na muziki wa karne ya 18 ilinusurika yote karibu kama alivyoiacha, na mwaka 1986 ikawa mali ya Chuo Kikuu cha Uppsala. Kila ukurasa wa maktaba hiyo, tusisahau, ulilipiwa na donge la chuma lililovutwa motoni na mtu aliyelala kwenye labby.

Sheffield ilikitaka chuma hiki kwa sababu za kikazi kabisa. Waingereza walipotengeneza pua, walichukua nondo za chuma laini, wakazipanga ndani ya masanduku ya mawe pamoja na unga wa mkaa, wakaziba na kuzipasha moto kwa siku nyingi hadi kaboni ikapenya. Njia hiyo huongeza kaboni, lakini haiondoi uchafu. Fosforasi ikiwemo kwenye nondo, itabaki kwenye kisu. Katika miaka ya 1740 Benjamin Huntsman aligundua namna ya kuiyeyusha pua hiyo ndani ya vyungu vidogo ili iwe na ubora ulio sawa kila mahali, na mahitaji ya chuma safi yakazidi. Uingereza ilikuwa na makaa ya mawe, mtaji na mafundi hodari. Haikuwa na Dannemora. Kwa hiyo nondo ziliendelea kushuka hadi bandari ya Öregrund na kuvuka bahari, na Waingereza wakaviita vyuma vyote vya Uppland kwa jina la bandari hiyo.

Si chuma chote cha Uswidi kilichoishia kwenye mikasi. Uko mkondo mwingine, na mwandishi anayeisimulia historia hii kwa wasomaji wa Afrika hana ruhusa ya kuuruka. Louis De Geer alikuwa mfadhili mkuu wa Kampuni ya Afrika ya Uswidi iliyoanzishwa mwaka 1649. Kampuni hiyo ilijenga ngome ya Carolusborg kwenye pwani ya Ghana ya leo, ikafanya biashara ya dhahabu, pembe za ndovu na watumwa, kabla ya kunyang'anywa na wapinzani wake wa Ulaya. Ngome hiyo, baada ya kupanuliwa na Waingereza, ndiyo Cape Coast Castle, ambako maelfu kwa maelfu ya Waafrika walifungiwa wakisubiri meli.

Karne iliyofuata uhusiano wa chuma cha Uswidi na Afrika ulikuwa wa kibiashara zaidi na wa kimya zaidi. Karakana ya Gammelbo, katika mkoa wa Västmanland, ilifua nondo ndogo za vipimo maalumu ambazo wafanyabiashara wa Bristol walizipakia katika meli zinazokwenda Afrika Magharibi. Huko, hasa kwenye masoko kama Calabar, nondo ya chuma ilikuwa fedha. Bei za bidhaa zilihesabiwa kwa nondo. Na bei za watu pia. Wahunzi wa Kiafrika, waliokuwa na ujuzi wao wa kale wa kuyeyusha na kufua, walizigeuza nondo hizo kuwa majembe na visu. Aliyeshika nyundo Gammelbo huenda hakuwahi kumwona Mwafrika maishani mwake. Lakini vipimo vya nondo aliyoifua viliamuliwa na biashara ya watumwa, na mshahara wake ulitoka humo. Wanahistoria Chris Evans na Göran Rydén wameufuatilia mkondo huu kwa makini, na baada ya kazi yao ni vigumu kuyatazama mabwawa tulivu ya vijiji vya chuma kama mambo ya Waswidi peke yao.

Karne ya 19 ilileta mashine, na vijiji vingi vya chuma vikafa. Mwaka 1856 Mwingereza Henry Bessemer alitangaza njia ya kutengeneza pua kwa kupuliza hewa ndani ya chuma kilichoyeyuka, na mwaka 1858 Göran Fredrik Göransson akafanikiwa kuitumia vizuri huko Edsken, Uswidi. Kazi ya siku nyingi ikawa ya dakika. Waswidi wana jina la kipindi kilichofuata: kifo cha mabruk. Karakana moja baada ya nyingine zilizima meko, na watoto wa wahunzi wakahamia mijini au wakapanda meli kwenda Marekani.

Ajabu ni kwamba njia ya Kiwaloni, ya zamani na ghali kuliko zote, ilistahimili kuliko nyingi zilizokuwa changa kwake. Sheffield iliendelea kuinunua nondo ya Uppland kwa ajili ya pua ya zana, kwa sababu usafi wake haukupatikana kwingine kwa urahisi. Österbybruk ilifua mpaka mwaka 1906, na karakana yake haikubomolewa. Ndiyo karakana pekee ya Kiwaloni duniani iliyobaki kamili, ikiwa na meko, mivukuto na nyundo mahali pake. Lövstabruk ilijaribu kwenda na wakati, lakini mwaka 1926 kazi ya chuma ilikoma. Tanuri na karakana ziliondolewa. Nyumba za wafanyakazi, mabwawa, kanisa na jumba vilibaki, ndiyo maana mgeni wa leo huona kijiji kizuri na tulivu, na inambidi aelezwe ni wapi hasa palipokuwa na moto.

Mgodi wa Dannemora uliendelea kutoa mawe hadi mwaka 1992. Forsmark, jirani wa zamani wa Lövstabruk katika ufundi huohuo, ilipata kazi mpya: kituo cha nishati ya nyuklia kilichojengwa karibu na pwani yake. Tarehe 28 Aprili 1986, vipimo vya kituo hicho vilinasa mionzi kwenye viatu vya mfanyakazi, na ndivyo nchi za Magharibi zilivyoanza kujua kwamba kuna jambo kubwa lililotokea Chernobyl.